Mwendo Umekwisha, Vitabu Vimebaki

Ndugu wapendwa katika Kristo,

Mwezi huu wa Novemba Kanisa letu lina desturi njema ya kuwakumbuka waliotutangulia. Tarehe 1 ni Sikukuu ya Watakatifu Wote, na kesho yake majina ya marehemu wetu husomwa mbele ya Meza ya Bwana, moja baada ya jingine, nasi twasimama kimya. Kasisi ametuomba tuandike neno kwa ajili ya siku hizo. Sisi si watu wa mimbari. Tulizoea ubao na chaki tangu tulipotoka chuo cha ualimu hadi tulipostaafu. Basi mtuwie radhi tukisema nanyi kama watu walio mbele ya darasa.

Somo letu ni Waraka wa Pili kwa Timotheo, mlango wa 4, kuanzia mstari wa 6 hadi wa 13. Twawaomba mfungue Biblia zenu mwone wenyewe. Paulo yumo kifungoni, naye ajua kuwa siku zake za kuishi zimebaki chache. Katika mstari wa 7 ajifananisha na mkimbiaji aliyefika kwenye utepe, na katika mstari wa 8 aitazamia taji. Maneno hayo tumeyasikia mara nyingi makaburini. Lakini wahubiri wetu wa mazishi, na sisi wenyewe tukiwamo, huishia hapo. Hatuendelei hadi mstari wa 13, ambapo mkimbiaji yule yule aomba aletewe joho aliloliacha Troa, nyumbani kwa Karpo, pamoja na vitabu vyake, na zaidi ya yote vile vya ngozi.

Mbio na vitabu vimo katika mlango mmoja. Kwa miaka mingi hatukuona kuwa vina uhusiano wowote, mpaka mwezi wa Agosti mwaka huu, tulipofundishwa kando ya barabara.

Mnazijua zile biashara za vitabu vya mitumba, kama zile za Tom Mboya Street jijini Nairobi, ambazo siku hizi zimo karibu katika kila mji. Muuzaji hutandika gunia au turubai chini, akapanga vitabu vyake migongo juu, na mnunuzi hana budi kuinama ili asome majina. Ndiyo maana watu wa mjini wameyaita maduka hayo "inama". Moja liko karibu na kituo chetu cha matatu. Kijana mwenye duka hilo hutuita Mwalimu, ingawa hatukumfundisha. Siku hiyo alisema, "Mwalimu, inama tu uchague. Kuangalia ni bure."

Tukainama. Kulikuwa na vitabu vya kiada vya mtaala wa 8-4-4, vingi mno, kwa kuwa mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanywa mwaka 2023 na vitabu vile vimepoteza wateja. Kulikuwa na riwaya zilizopoteza majalada, vitabu vya nyimbo na magazeti ya zamani ya michezo. Katikati yao tulikuta kamusi ya Kiswahili, mgongo wake umeshikwa kwa gundi na utepe wa nailoni. Tulipoifungua tuliona mwandiko tunaoujua. Ulikuwa mwandiko wetu sisi wenyewe. Tulikuwa tumeandika jina la mwanafunzi wetu, na chini yake: zawadi ya mshindi wa kwanza, mbio za mita 1500, mwaka 1996.

Kijana huyo jina lake hatutalitaja hapa. Alikuwa mwembamba, mpole, mwenye kukimbia bila viatu kutoka kwao hadi shuleni kila asubuhi. Hakufika Olimpiki. Alikimbia mashindano ya mkoa, akaumia mguu, akaacha, akawa fundi wa baiskeli na mwimbaji katika kwaya ya kanisa letu. Miaka michache iliyopita aligongwa na lori alipokuwa akirudi nyumbani jioni. Wengi wenu mlikuwako kwenye mazishi yake. Mtakumbuka kwamba sisi tulipewa nafasi ya kusema kama mwalimu wake wa zamani, tukasema kwa sauti kubwa. Tuliusoma mstari wa 7. Tulisema kuwa kanisa hili halitamsahau, na kwamba mkewe na watoto wake wasiogope, maana sasa ni watoto wetu sote.

Tukamwuliza muuzaji, kwa ukali kidogo, kamusi ile aliipata wapi. Yeye hakukasirika. Alituambia kuwa yeye hununua kwa gunia, kwa watu wanaohama, kwa wazazi ambao watoto wao wamemaliza shule, na kwa nyumba zenye msiba. Kisha vitabu huvipangusa, hugundisha vilivyopasuka, huvifunika kwa nailoni mvua inapokuja, na huvikusanya mbio mbio akiwaona askari wa kanjo. Kamusi hii aliuziwa na mama mmoja wa mtaa ule ulio nyuma ya kanisa. "Alikuwa na haraka, Mwalimu," akasema. "Mtoto alikuwa ametumwa nyumbani kwa ajili ya karo."

Tulilipa shilingi 100 tukaondoka. Hatukuwa na la kusema. Mtaa ule ulio nyuma ya kanisa twaupita kila Jumapili.

Usiku ule hatukulala vizuri. Kama ilivyo desturi ya mwalimu, tulichukua karatasi tukaanza kuandika majina ya wanariadha waliokufa ambao sisi wenyewe tuliwashangilia au tulisimuliwa na wazee wetu, tuone ni mangapi tunayakumbuka. Karatasi hiyo tungependa tuisome pamoja nanyi.

Wa kwanza tulimwandika Wilson Kiprugut, aliyeiletea Kenya nishani yake ya kwanza kabisa ya Olimpiki, ya shaba, katika mita 800 huko Tokyo mwaka 1964, na ya fedha huko Mexico mwaka 1968. Alifariki tarehe 1 Novemba 2022, siku ile ile ya Watakatifu Wote. Wa pili Naftali Temu, aliyeshinda mita 10,000 huko Mexico mwezi wa Oktoba 1968, dhahabu ya kwanza ya Kenya katika Olimpiki, nchi ikiwa haijatimiza miaka 5 ya uhuru. Alifariki mwaka 2003.

Wa tatu Ben Jipcho, aliyefariki mwaka 2020. Watu humkumbuka kwa Christchurch mwaka 1974, alipopata dhahabu 2 na shaba 1 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Sisi tulimwandika kwa ajili ya mbio ambazo hakushinda. Katika fainali ya mita 1500 huko Mexico alitoka mbele kwa kasi kubwa tangu mzunguko wa kwanza, ili kumchosha Mmarekani Jim Ryun, mshika rekodi ya dunia, na kumfungulia njia Kipchoge Keino. Keino alishinda, akamwacha Ryun mbali. Jipcho alimaliza wa 10.

Halafu twaja kwa vijana. Samuel Wanjiru, Mkenya wa kwanza kushinda marathoni ya Olimpiki, huko Beijing mwaka 2008, alikufa Nyahururu mwezi wa Mei 2011 akiwa na miaka 24. Kelvin Kiptum, aliyeweka rekodi ya dunia ya marathoni kwa saa 2 na sekunde 35 huko Chicago mwezi wa Oktoba 2023, alikufa katika ajali ya gari karibu na Kaptagat usiku wa tarehe 11 Februari 2024. Naye pia alikuwa na miaka 24, akaacha mke na watoto 2. Pamoja naye alikufa mkufunzi wake, Gervais Hakizimana kutoka Rwanda, ambaye wengi hata jina lake hawakulishika.

Tuliandika na binti zetu. Agnes Tirop aliuawa kwa kisu nyumbani kwake Iten mwezi wa Oktoba 2021, akiwa na miaka 25. Rebecca Cheptegei wa Uganda, aliyekimbia marathoni ya Olimpiki ya Paris mwezi wa Agosti 2024, alimwagiwa petroli na kuchomwa, akafa Eldoret tarehe 5 Septemba mwaka ule ule. Hawa wawili walishinda upepo, milima na umbali, lakini hawakuwa salama mlangoni pao wenyewe. Rafiki zake Agnes hawakuishia kulia. Waliunda kikundi kwa jina lake ili kuwasaidia wanawake wanaopigwa majumbani. Twawasihi wanaume wa kanisa hili wasilipite jambo hilo haraka.

Basi tulipomaliza tuliitazama karatasi. Majina ya mbali tuliyajua, na miaka, na umbali wa mbio. Lakini tulipojiuliza mtoto wa yule mkimbiaji wetu yuko kidato cha ngapi, hatukujua. Tulipojiuliza mama yake anafanya kazi gani, hatukujua. Sisi tuliosema makaburini kwamba hao ni watoto wetu!

Jumamosi iliyofuata tulikwenda. Tuliichukua kamusi tukaifunga kwa karatasi, tukitumaini kuwa mama yule atafurahi kurudishiwa kitu cha mumewe. Alitukaribisha, akatupa kiti na chai. Tulipomtolea ile kamusi aliiangalia, akacheka kidogo, akasema, "Mwalimu, kaa nayo. Kamusi haipikwi." Kisha akanyamaza. Baadaye akasema, "Ile wiki ya mazishi watu walijaa hapa hata viti vikakosekana. Nilifikiri itakuwa hivyo."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililotuchoma zaidi. Tulimwomba msamaha. Tulimwuliza kanisa limfanyie nini. Tulitarajia ataje karo, nasi tulikuwa tumekwisha kuhesabu moyoni tutakavyoigawa pensheni yetu. Karo alikuwa amekwisha kuitafuta, sehemu yake kwa vitabu, nyingine kwa kufua nguo za watu. Alichoomba ni kingine. Binti yake yuko kidato cha pili, naye ameanguka katika Kiswahili, hasa insha. "Wewe ni mwalimu," akasema. "Una Jumamosi."

Ndugu zangu, Jumamosi tunazo. Tumekuwa nazo tangu tulipostaafu.

Sasa turudi kwenye somo letu. Twaona mambo matatu.

Jambo la kwanza: hakuna anayekimbia peke yake. Mshindi husimama jukwaani mmoja, lakini nyuma yake yuko mtu aliyevuta mbio, mkufunzi aliyeamka alfajiri, na mama aliyepika. Paulo mwenyewe hakusema juu ya mbio zake tu akanyamaza. Katika mistari inayofuata ataja watu kwa majina: Dema aliyemwacha, Luka aliyebaki, Marko anayehitajiwa, Karpo aliyetunziwa joho. Kumkumbuka marehemu bila kuwakumbuka waliokimbia pamoja naye ni kumkumbuka nusu. Mama yule alikimbia mbio za mumewe tangu alipoumia mguu hata siku ya lori, na tangu hapo anakimbia peke yake.

Jambo la pili: kuuza vitu vya marehemu si aibu. Tulipoiona kamusi ile barabarani, moyo wetu ulimlaumu mtu ambaye hatujamjua bado, kana kwamba ameuza heshima ya marehemu. La hasha! Someni Kitabu cha Pili cha Wafalme, mlango wa 4. Mjane wa mmoja wa wana wa manabii alimlilia Elisha kwamba mdai anakuja kuwachukua wanawe wawili. Elisha hakumkemea. Alimwuliza ana nini nyumbani, na mafuta yalipoongezeka alimwambia akauze, alipe deni, na kilichobaki wapate kuishi, yeye na wanawe. Aibu ilikuwa ya majirani, iwapo walikuwa na mafuta nao wakayafungia. Wala tusimdharau kijana wa vitabu. Mzazi asiye na fedha za kitabu kipya hupata cha mtoto wake kwenye turubai lile, na ukurasa uliotupwa husomwa tena. Mnaponunua kwake, msimpunje hata akose nauli ya kurudi kwao.

Jambo la tatu: kukumbuka ni kazi ya miguu. Paulo hakumwandikia Timotheo kwamba amkumbuke tu moyoni. Alimwambia aje, aje upesi, afike kabla ya majira ya baridi, naye alete joho. Mzee huyu aliyekuwa akilitazama taji la mbinguni alikuwa pia akisikia baridi ya gereza, wala hakuona haya kusema. Kristo hatudai tuchague kati ya taji na joho. Mtume Yakobo, mlango wa 1 mstari wa 27, atufundisha kwamba dini iliyo safi mbele za Mungu yaonekana katika kuwaendea yatima na wajane katika dhiki zao. Kuwaendea, ndugu zangu. Haikutosha kusimama kimya majina yanaposomwa, tukitazama saa.

Tena kuna neno moja dogo ambalo kijana wa vitabu alitukumbusha bila yeye kujua. Katika Injili ya Yohana, mlango wa 20, wanafunzi wawili walikwenda mbio kaburini asubuhi ya Ufufuo. Yule aliyemshinda Petro kwa mbio alitangulia kufika, lakini hakuona kitu mpaka alipoinama. Mbio zilimfikisha mlangoni, na kuinama kukampa kuona. Sisi tumepita mtaa ule miaka mingapi tukiwa tumesimama wima?

Basi twaleta ombi, nasi tumekwisha kusema na Kasisi juu yake. Majina ya marehemu yatakaposomwa mwezi huu, kila jina lisomwe pamoja na jina la mtu mmoja wa kanisa atakayebisha hodi katika nyumba ile kabla ya Majilio kwisha. Umoja wa Akina Mama wasiachiwe peke yao kazi hii, kama ilivyo kawaida yetu. Mnaposhindwa kutoa fedha, mna mikono. Fundi na atengeneze mlango, mwenye ng'ombe na apeleke maziwa, mwenye kalamu na amsaidie mjane kujaza fomu zake, kwa maana twajua jinsi fomu hizo zinavyowasumbua. Na vijana wetu wenye mbio na wakimbie hadi huko.

Kwa upande wetu, tumeanza. Jumamosi 6 zimepita. Insha ya kwanza ya binti yule ilikuwa na makosa mengi, nasi tulikuwa tumesahau jinsi kalamu nyekundu inavyoweza kumvunja mtoto moyo. Tuliitupa, tukachukua ya risasi. Wiki iliyopita aliandika juu ya baba yake. Aliandika kwamba baba alipokuwa akitengeneza baiskeli aliimba sauti ya nne, na kwamba alipoulizwa kwa nini aliacha kukimbia, alijibu kuwa hakuacha, amebadilisha njia tu. Maneno hayo hatukuyajua sisi tuliosema juu yake makaburini. Kamusi ipo mezani kati yetu. Binti huifungua mara nyingi, wala hajatuuliza mwandiko ule wa mbele ni wa nani.

Tuwaombee wote waliomaliza mwendo wao, wale ambao dunia iliwapigia makofi na wale waliojulikana na mtaa mmoja tu. Na Mungu aliye Baba wa yatima atuondolee uzito wa miguu, atufundishe kuinama, atufikishe mahali ambapo tuliahidi kufika.

Ndimi ndugu yenu katika Bwana,
Mwalimu mstaafu wa kanisa lenu